Maiti Hadungwi Sindano

Neno la kwanza mtakalofundishwa mkiingia kazi hii ni "difolta". Maana yake ni mgonjwa aliyeacha kuja kliniki kuchukua dawa. Mtalisikia kila mkutano, mtaliona kwa wino mwekundu kwenye rejista, na siku wakubwa wakija kukagua litatajwa kwa sauti ile ya kumtaja mwizi wa kuku. Nimelitumia miaka yote niliyokuwa muuguzi wa wagonjwa wa akili, kwanza Migori, kisha Homa Bay, kisha huku na huku katikati ya kaunti hizo mbili, na baada ya kustaafu ndipo nimetambua kwamba ninalichukia. Mtu analala kwenye baraza la duka la watu, blanketi lake limeibwa juzi, kadi ya kliniki ilikuwa ndani ya blanketi, halafu sisi tunasema ametoroka dawa.

Siandiki haya ili kuwafurahisha. Mtacheka mahali mahali, maana kazi hii ina vichekesho vyake, lakini nawaonya mapema kwamba habari niliyo nayo haikuisha vizuri na mwenye kosa ni mimi. Inamhusu mtu mmoja, Odhiambo. Nitamfikia. Kwanza mjue tulivyokuwa tukiwatafuta watu wa barabarani, kwa sababu siku hizi naona mmepewa simu za kugusagusa na mnadhani simu itawatafutia.

Aliyenifundisha ni Mkuria mmoja, Bwana Marwa, muuguzi mfupi wa Migori mwenye hasira za karibu na moyo wa dhahabu ambao aliuficha kama pesa ya karo. Siku ya kwanza kutoka naye nilivaa koti jeupe nililolipiga pasi mpaka likasimama lenyewe. Akanitazama juu mpaka chini, akaniuliza kama nimepata kazi ya bucha. Alisema mtu wa barabarani akiona koti jeupe anakumbuka siku aliyofungwa kamba akapelekwa hospitali, na hapo utamwona kisigino tu. Nililivua, nikalikunja, nikaliweka kwenye mkoba, na halikutoka tena.

Masharti yake yalikuwa machache. Usisimame kati ya mgonjwa na barabara, maana atajiona amezingirwa. Usimwite kwa jina la soko. Watu wakimwita Rais au Kichwa, wewe tafuta jina alilopewa na mama yake. Chai kwanza, jina pili, sindano mwisho, na kati ya chai na sindano unaweza kupita mwaka mzima. Nilidhani hilo la mwaka ni utani.

Jambo jingine alilonionyesha ni kwamba watu hawa hawatangatangi ovyo kama mnavyofikiri. Wanafuata masoko. Siku ya soko ndiyo siku ya mabaki, ndizi zilizopondeka, supu iliyobaki chini ya sufuria, kazi ndogo za kubeba magunia. Leo yuko Rongo, kesho kutwa Rodi Kopany, siku ya mifugo utamkuta Ogwedhi kule mpakani na Narok. Kwa hiyo daftari la Marwa halikuwa na tarehe. Lilikuwa na masoko, na chini ya kila soko majina. Sindano zetu ni zile za kukaa mwilini mwezi mmoja. Ukimwambia mtu asiye na kalenda arudi tarehe kumi na nne, unajidanganya. Tulimwambia tutaonana hapa hapa soko la nne kutoka leo, yaani wiki ya nne, na wengi walikuja, wengine wakitutangulia.

Ogwedhi nilipapenda kwa sababu wafugaji hawana unafiki. Siku moja nilikuwa nambembeleza mama mmoja mgonjwa aliyekuwa amekataa sindano tangu asubuhi. Mfugaji aliyekuwa karibu na fimbo yake akaliona bomba la sindano mkononi mwangu, akaniuliza dozi hiyo inatosha ndama wa ukubwa gani. Nikamwambia ni dawa ya akili. Akafikiri, akasema basi nimsubiri akamlete fahali wake, maana huyo amevunja ua mara tatu na hana sababu. Yule mama mgonjwa akacheka mpaka akakaa chini, na akiwa bado anacheka akaninyooshea mkono. Semina hazifundishi hayo.

Basi, Odhiambo.

Nilimkuta Rodi Kopany, Marwa akiwa ameshastaafu na mimi nimeachiwa daftari. Mwanamume mrefu, nywele zimeshikana, suruali imefungwa kwa kamba ya katani. Alikuwa akienda duka hadi duka akigonga kuta kwa vifundo vya vidole, kisha anaweka sikio. Sokoni walimwita Fundi. Wengine walimfukuza, wengine walimcheka. Aliyekuwa akimlisha ni mwanamke mmoja, Min Atieno, yaani mama yake Atieno, muuza chai na nyoyo, mahindi na maharagwe yaliyochemshwa pamoja. Huyo aliniambia nisimdharau, kwamba yule aliwahi kuwa fundi wa plasta wa kweli kwenye majengo makubwa ya mjini.

Nilikuja kujua kwamba ugonjwa na ufundi vilikuwa vimesukwa pamoja kichwani mwake. Ugonjwa ulimwambia ndani ya kuta kuna watu wanalia wafunguliwe, na yeye akigonga anawajibu. Lakini mkono bado ulikuwa wa fundi. Kulikuwa na mwenye duka, Mwislamu aliyekuja kufanya biashara kutoka mbali, mtu wa tabasamu la haraka. Odhiambo aligonga ukuta wake akamwambia plasta imeachia, iko tupu ndani, na usipoziba ufa utajenga ukuta. Bwana yule alimpa mkate amwondokee. Mvua za masika ziliponyesha, plasta yote ya upande ule ikashuka juu ya magunia ya sukari. Tangu siku hiyo Odhiambo alilala kwenye baraza la duka hilo bila kusumbuliwa, na mwenye duka akawa anamwita Injinia.

Nilikunywa naye chai ya Min Atieno miezi kumi na miwili kasoro. Nawaambieni ukweli, nilichoka. Kuna siku nilifika na mvua, nikakaa kwenye kigogo nimelowa, naye hakuniangalia hata mara moja, akagonga ukuta wake akaenda zake. Min Atieno alinihurumia akaniongezea sukari. Halafu siku moja tu, bila sababu ninayoijua, akakaa kando yangu, akanishika kidole akakigongesha ukutani mahali pawili. Akaniuliza kama nasikia tofauti. Nilisikia. Mahali pamoja palikuwa pazima, mahali pengine palikuwa patupu. Akaniambia, "Sasa umejua. Mimi ni Odhiambo." Wiki ile ile akakubali sindano.

Soko la nne alikuja. Soko la nane alikuja. Kufikia sindano ya tano sauti za ukutani zilikuwa zimeshuka, alisema sasa wanaongea kama watu walio chumba cha pili. Alinyoa. Akaanza kupiga vibarua vya kuziba nyufa pale pale sokoni, na kwa kweli hakuna aliyempata kwa ulaini wa plasta. Min Atieno alikuwa anamtania kwamba sasa atamwoza. Siku ya sindano ya saba, wakati nachovya pamba kwenye spiriti, alisema jambo ambalo hakuwahi kulisema.

"Sista, nataka kuona mama. Unipeleke dala."

Dala ni nyumbani, boma la baba yako, si nyumba tu. Alinitajia kijiji, upande wa ziwa, si mbali hata. Gari likienda vizuri unafika kabla ya adhuhuri. Alikuwa ameondoka huko miaka kumi na mmoja iliyopita, akaugua mjini, akapotea njia ya kurudi. Miaka kumi na mmoja mtu anagonga kuta Rodi Kopany na mama yake yuko pale ng'ambo.

Hapa ndipo nawaomba mwache kusinzia. Marwa alinipa sharti la mwisho siku aliyonipa daftari. Alisema kabla hujamrudisha mtu kwao, nenda peke yako, bila gari la serikali, bila mgonjwa. Kaa, kunywa maji, sikiliza wanasema nini kumhusu. Ukirudi, subiri, nenda mara ya pili. Nililijua sharti hilo kama ninavyojua jina langu. Lakini gari la kliniki lilipatikana siku moja tu mwezi ule, na Odhiambo alikuwa mzima, na mimi, niseme tu, nilikuwa na majivuno. Nilitaka kuonekana ninashuka na mtu aliyepotea amevaa shati jipya.

Nilimpata mdogo wake kwa simu, jina lake Otieno. Nikamwambia kaka yako yu hai, yuko kwangu, namleta Alhamisi.  Kisha akasema, "Sawa," akakata. Nilidhani ni furaha imemkaba. Mluo mzima mimi, nimezaliwa kando ya ziwa, nikadhani ni furaha.

Tulifika asubuhi. Njiani Odhiambo alikuwa anafungua na kufunga kifungo cha mkono wa shati. Langoni kulikuwa na watu wapata kumi, lakini hakuna aliyepiga kigelegele. Otieno alikuwa katikati ya lango, mikono nyuma. Hakumsalimu kaka yake. Alinisalimu mimi, kwa adabu, akaniomba tusiingie kwanza.

Mama yao alitoka nyumbani akishika mwimo wa mlango. Macho yake yalikuwa yameshapungua nguvu. Akaita, "Odhiambo?" Odhiambo akajibu kutoka nje ya ua, "Ee, mama." Mama akarudi ndani, na mara tukasikia nduru, kile kilio chetu cha msiba, kirefu, kinachoita majirani. Alikuwa anamlilia mwanawe aliyekuwa amesimama pale na shati jipya.

Ndipo nilipoliona. Upande wa boma, ndani kidogo ya ua, kulikuwa na kaburi la simiti lenye jina.

Wasiojua desturi yetu wanielewe. Mtu akifa na mwili usipatikane, Waluo huzika yago badala yake, lile tunda refu zito la mti unaozaa matunda kama soseji. Yago hufunikwa, huliliwa, watu hukaa matanga, na ndipo walio hai huendelea. Nilikuwa nimeona yago zikizikwa tangu utotoni, za watu waliozama ziwani. Haikunipitia akilini hata mara moja kwamba ingezikwa kwa mtu anayegonga kuta umbali wa asubuhi moja kwa gari. Niliuliza maswali yote ya kliniki, historia ya ugonjwa, mzio wa dawa, nani wa kumtunza. Sikuuliza kama wameshamzika.

Otieno hakuwa mtu mbaya, na msimfanye mbaya. Alinivuta kando. Kaka mkubwa akipotea, mdogo hawezi kuoa wala kujenga boma lake kabla ya mkubwa. Alingoja miaka, akatafuta mpaka mjini, akaambiwa na mtu kwamba kaka yake alionekana amekufa kwenye mtaro. Wazee wakakaa, yago ikazikwa, kanisa likaomba, chifu akaandika kwamba amekufa. Ndipo akaoa, akajenga.

"Sista, sikatai ndugu yangu," aliniambia. "Lakini huyu tulimlilia. Watu walikuja, wakakula, wakaenda. Sasa akipita hapa kwa gate, mimi ndio nitakuwa nani?"

Tulipokuwa tunaongea, Odhiambo alikuwa ameshazunguka ua kwa nje mpaka mahali penye mwanya karibu na kaburi. Akapitisha mkono. Nilidhani anasoma jina. Alikuwa anagonga. Aligonga mara tatu, akaweka kiganja, akapapasa, uso umekunjamana kama wa mtu anayekagua kazi ya kibarua. Akaniita.

"Nani alipiga hii plasta? Mchanga ilikuwa mingi. Simiti waliiba," akasema. Kisha, kwa sauti ya chini, "Iko tupu, Sista. Hakuna mtu ndani."

Ningempandisha gari saa ile ile nikamrudisha kwa Min Atieno, leo singekuwa nawaandikia. Lakini nilijua mila ina njia ya kutokea. Wazee walisema si vigumu: yago ifukuliwe, ikatupwe mbali, kondoo achinjwe, Odhiambo aingie kwa tundu litakalotobolewa nyuma ya ua, kama mtu mpya. Siku mbili, tatu. Mjomba wao akakubali alale kwenye kibanda cha kinu cha kusaga, nje ya boma. Nikamwacha akiwa ameshadungwa sindano yake ya mwezi, nikaondoka na gari la kliniki.

Kumbe mchungaji alikuwa na lake. Alisema pale palifanyiwa ibada, msalaba ulisimamishwa, hakuna cha kufukua wala kondoo, kuomba kunatosha. Wazee wakasema basi kama hakuna kufukua, hakuna kuingia. Otieno alikuwa mzee wa kanisa na pia mtoto wa wazee, akakaa katikati kama mahindi ndani ya kinu. Kikao kikaahirishwa kwa sababu ya msiba, kikaahirishwa kwa sababu ya kupanda, kikaahirishwa kwa sababu mtu mmoja muhimu alikuwa safarini. Mama alikuwa akipeleka chakula mpaka kwenye ua, anakiweka chini, anaondoka kabla mwanawe hajaja kukichukua. Haya nimesimuliwa na mjomba. Alisema Odhiambo hakulalamika. Aligonga kinu, akasema kiko sawa.

Soko la nne nilirudi na sindano. Kibanda kilikuwa kimefagiwa na shati jipya limetundikwa msumarini.

Nilimtafuta soko baada ya soko. Rodi Kopany hayuko, Min Atieno akanilaumu kwa kunitazama tu. Rongo hayuko. Nilimpata Ogwedhi, siku ya ng'ombe, mahali ambapo hakuna aliyemjua. Hakuna kuta nyingi kule. Alikuwa amekaa chini na mgongo kwenye nguzo ya zizi, nywele zimeanza tena. Nilinunua chai mbili, nikakaa upande wake, sikusimama kati yake na barabara. Alinikaribisha vizuri, akaniuliza habari za watoto wangu kwa majina. Nikasema soko la nne limepita, nimekuja na dawa.

"Sista, si wewe ulinipeleka, ukaona mwenyewe nimezikwa? Sasa unanidunga ya nini?" Hakuwa na hasira. "Maiti hadungwi sindano."

Miaka yangu yote nimejua la kumjibu mtu anayesikia watu ukutani. Hubishani naye, humdanganyi, unakaa naye mpaka ipite. Lakini hii haikuwa sauti ya ukutani. Ilikuwa simiti, na mimi nilikuwa nimeisoma. Nikasema kwa upumbavu kwamba maiti hanywi chai. Akanitazama kama anayenionea huruma. Akaimwaga chai yake chini polepole, mpaka tone la mwisho, akanirudishia kikombe.

Nilikwenda Ogwedhi masoko mengi baada ya hapo, na kila mara alikataa kwa adabu ile ile. Rejista ikaanza kumwandika kwa wino mwekundu. Ukaja mfumo mpya wa kompyuta, na pamoja nao wakubwa wa kuhesabu difolta, na kliniki yetu ikaambiwa orodha yetu inatia aibu. Mwezi wangu wa mwisho kazini nilipewa kazi ya kusafisha faili. Kila jina lilikuwa na visanduku vinne: anahudhuria, amehamishwa, ametoroka, amefariki. Nilipofika kwa Odhiambo, nilikuwa nimechoka, mgongo unauma, nimeona siku yangu ya kuagwa imewekewa soda na keki. Nikajiambia kwao wamesema amekufa. Chifu wao ameandika amekufa. Mwenyewe amesema amekufa. Nikabonyeza kisanduku cha nne. Nilicheka hata kidogo, kile kicheko cha mtu aliyekata tamaa, nikaenda kwa jina linalofuata.

Mimi pia nilizika yago.

Baada ya kustaafu miguu haikukubali kukaa. Siku za soko nilijikuta nimebeba chupa ya chai na vikombe viwili. Mwaka huu, wakati wa mvua, Min Atieno alinipigia simu kwamba Fundi amerudi Rodi Kopany, yuko kwenye lile baraza la zamani, amekonda. Nilifika kabla soko halijachangamka. Alikuwa anagonga ukuta, sikio limebanwa, midomo inakwenda. Nikamimina chai, nikakaa. Alikaa. Alikunywa yote. Kisha akaanza kukunja mkono wa kushoto wa shati, mikunjo mitatu, nadhifu, kama fundi anayeanza kazi, akauweka mkono kwenye goti langu.

"Wamekuwa wengi, hawanipi kulala," akasema. "Sista, leo nidunge."

Sikuwa na sindano. Mstaafu hana dawa, hana ruhusa, ana chupa ya chai. Nikamwambia aningoje, asiende popote, nikapiga simu kliniki. Alipokea muuguzi kijana, binti mwenye adabu, pengine ni mmoja wenu. Nilimpa jina. Nikamsikia anabonyeza.

"Mama, sistimu inasema huyu ni marehemu."

Nikamwambia marehemu huyo ameweka mkono kwenye goti langu. Akaniomba radhi. Alisema dawa hutoka kwa jina, na jina lililofungwa halifunguliwi mpaka kuwe na barua ya chifu kwamba mtu yu hai. Chifu wa kwao, yule yule aliyeandika kwamba Odhiambo amekufa. Nikapandisha sauti, nikauliza ni mpumbavu gani aliyefunga faili ya mtu aliye hai. Nikamsikia binti anabonyeza tena.

"Iko na jina lako, Mama."

Odhiambo alingoja. Alingoja mpaka wauza nyanya wakaanza kupanga masanduku, mkono umekunjwa vile vile, ngozi inaonekana. Min Atieno alimletea nyoyo, akala kwa mkono mmoja ili asiukunjue ule. Magari ya mwisho yalipoanza kuita abiria alinitazama, nikatikisa kichwa. Akaukunjua mkono wa shati, mkunjo baada ya mkunjo, akafunga kifungo. Akanishukuru kwa chai.

Barua niliipata. Ilichukua wiki kadhaa, ofisi tatu, na Otieno mwenyewe kwenda kuapa mbele ya chifu kwamba kaka yake hajafa, na alipoapa alilia. Faili imefunguliwa. Jina lake sasa linaonekana kwenye mashine zenu likiwa hai, na kando yake, kwa rangi nyekundu, limeandikwa difolta. Yeye simwoni. Sijamwona Rodi, wala Rongo, wala Ogwedhi. Min Atieno bado anamwekea kikombe, nami nimeanza kuogopa kumuuliza.

Sina ushauri mkubwa. Marwa angekuwa nao, lakini naye amekwenda. Kabla hamjamrudisha mtu kwao, nendeni peke yenu mkaulize kama walimlilia. Waulizeni hivyo hivyo, kwa neno hilo. Msifunge jina la mtu ambaye hamjaona maiti yake. Na mkitumwa masokoni mkakuta mwanamume mrefu anagonga ukuta na kuweka sikio, msimwite Fundi. Anaitwa Odhiambo. Mkikaa, kaeni upande, na chai iwe ya kwanza. Lakini sindano muwe nayo kwenye mkoba, siku zote, hata mnapokwenda kwa chai tu. Mkono ni wa kushoto.